Mbwa Anayeogopa Kizimba: Mzoeshe kwa Mukene, si kwa Fimbo

Kyebando, kama mitaa mingi ya Kampala, mbwa ni mlinzi: mchana hufungiwa, usiku huachiwa azunguke ua. Wengine hukijua kizimba siku ya adhabu au ya sindano tu. Mbwa wa namna hiyo akikiona hukaza miguu, hufyata mkia, hulaza masikio, hutweta na kudondosha mate. Huo si ukaidi. Ni hofu aliyojifunza, na ukimpa sababu nzuri atajifunza jingine.

Mwaka 1924 mwanasaikolojia wa Marekani, Mary Cover Jones, alieleza alivyomsaidia mtoto aliyeogopa sungura: mtoto alipewa chakula akipendacho huku sungura akisogezwa kidogo kidogo. Kwa mbwa, kanuni ni hiyo hiyo. Kinachotisha kikae mbali kiasi cha kuvumilika, na kila kikionekana kije na kitu kitamu.

Anza na kizimba chenyewe. Mbwa aweze kusimama bila kuinama, kugeuka na kulala amejinyoosha. Kiweke kivulini, kisiwe chini ya bati tupu linalowaka jua na kunguruma mvua za masika zikinyesha. Tandika gunia safi au blanketi kuukuu, nyayo zisiumizwe na nondo. Kama kilikuwa cha adhabu, kioshe na ukihamishe mahali.

Kisha fuata hatua hizi:

1. Acha mlango wazi, uufunge kwa kamba usijibamize. Usimwite wala usimvute. Mrushie mukene, yaani dagaa wakavu, mmoja mmoja pale anapokula bila wasiwasi. Akikataa kula, yuko karibu mno na kizimba, rudi nyuma.

2. Sogeza mukene hadi mlangoni, halafu ndani, halafu weka humo bakuli lake la posho. Akitaka kutoka, atoke. Kujua kwamba njia iko wazi ndiko kunakompa ujasiri wa kurudi.

3. Akishaingia kwa hiari, chagua neno moja, kama "Ndani", na useme kila anapoelekea kuingia. Nyumba nzima itumie neno hilo hilo.

4. Rudishia mlango bila komeo, mpe mukene, fungua. Ongeza sekunde, baadaye dakika, ukiwa kando yake. Ndipo ujaribu kuondoka kidogo. Mfungulie angali ametulia. Akianza kulia au kukwaruza, umeharakisha: mtoe na urudi hatua moja.

Vipindi viwe vifupi, mara mbili au tatu kwa siku, akiwa ameshakojoa na ana njaa kidogo. Wengine huzoea kwa siku chache, wengine kwa wiki nyingi. Fuata mwendo wake.

Watoto waonywe wasimchokoze akiwa ndani. Wala usiingize mkono kumtoa kwa nguvu, maana mbwa aliyebanwa huuma. Aking'ata mtu, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mwahishe hospitali kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa.

Mbwa akitulia kizimbani ukiwapo, lakini akavunja kucha na meno kila ukiondoka, anachoogopa ni upweke. Kumfungia kutamzidishia. Mpeleke kwa daktari wa wanyama. Wa Chuo Kikuu cha Makerere hawako mbali na Kyebando. Daktari amkague pia maumivu, kwani mbwa mwenye kidonda au viungo vibovu huweza kukataa kulala mahali pagumu.

Akishazoea, usimsahau humo. Mlinzi aliyekesha anahitaji usingizi wa mchana, lakini anahitaji pia maji, kutoka kujisaidia na kutembea. Endelea kumtilia mukene ndani siku za kawaida, ili siku ya sindano iwe moja kati ya nyingi njema.