Dalali wa Nyumba Anapaswa Kukujibu Baada ya Muda Gani?

Watu wengi wanaotafuta nyumba ya kupanga au kiwanja cha kununua humpima dalali kwa wepesi wake wa kupokea simu. Kipimo hicho kina ukweli, lakini hakitoshi. Dalali yuleyule anayepokea simu katika mlio wa kwanza kabla hujamlipa huweza kuwa hapatikani wiki nzima baada ya kulipwa. Katika somo hili tunaeleza muda ambao mteja nchini Tanzania anaweza kuutarajia kwa haki, na la kufanya ukimya unapozidi.

Tuanze na sheria. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haitaji saa wala siku. Inasema kwamba pale ambapo wahusika hawakupanga muda, jambo lililoahidiwa litekelezwe ndani ya muda wa kiasi, na muda huo hutegemea mazingira ya kila shauri. Sheria hiyohiyo inamtaka wakala, anapokutana na ugumu katika kazi aliyopewa, afanye kila bidii ya kiasi kuwasiliana na aliyemtuma na kupata maelekezo yake. Dalali ni wakala. Kwa hiyo kunyamaza wakati mambo yamekwama ni kasoro inayogusa wajibu wake, wala si tabia ya mtu tu.

Hapa ndipo wateja wengi hupotea njia. Wajibu huo dalali anao kwa aliyemtuma, na si kila anayemlipa ndiye aliyemtuma. Katika miji yetu ni desturi mpangaji kumlipa dalali fedha sawa na kodi ya mwezi mmoja, ilhali nyumba ameipata kwa mwenye nyumba na maagizo anayapokea huko. Muulize mapema, bila haya: "Katika shughuli hii unamtumikia nani?" Akisema anamtumikia mwenye nyumba, utajua kwamba taarifa njema zitamfikia mwenzako kwanza, nawe utapanga mambo yako kwa kulijua hilo.

Sasa tuje kwenye muda wenyewe. Haya tunayoyataja ni maoni yetu juu ya kiasi kinachofaa, hayamo katika kifungu chochote. Simu au ujumbe wa kuuliza kama chumba bado kipo unastahili jibu siku hiyohiyo, au asubuhi ya pili ikiwa umeutuma usiku. Ukipanga kwenda kuona nyumba na mpango ukabadilika, uarifiwe kabla hujapanda daladala. Ukitaja bei unayoweza kulipa, bei hiyo imfikie mwenye mali siku hiyohiyo, hata kama dalali anaiona ndogo, kwa kuwa uamuzi wa kuikataa ni wa mwenye mali.

Maswali ya nyaraka ni jambo jingine. Ukiuliza hati ni ya nani, kama kuna rehani, au kama mwenzi wa muuzaji ameridhia kuuzwa kwa nyumba ya familia, dalali anayejibu papo hapo "hakuna shida" amekujibu upesi mno. Jibu la kweli hutokana na upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati na mazungumzo na watu wenyewe, na dalali hawezi kuiamuru ofisi ya umma imalize lini. Anachoweza ni kusema: "Ombi limepelekwa Jumatatu, Alhamisi nitakupigia, liwe limejibiwa au halijajibiwa." Sisi tunamthamini zaidi huyo kuliko yule wa "hakuna shida". Hata hivyo, usimwachie yeye peke yake kazi hiyo. Upekuzi unaweza kuuomba mwenyewe.

Tuchukue mfano. Mama mmoja anahama Tabata, na mkataba wake wa zamani unakwisha tarehe 30. Tarehe 18 amelipa kodi ya miezi sita ya nyumba mpya kupitia kwa dalali, akaahidiwa funguo tarehe 25. Tarehe 22 anauliza kama mpangaji wa zamani amekwisha kutoka, na hajibiwi. Siku mbili za kimya, ambazo kwa mtu anayetazamatazama nyumba zingekuwa kitu kidogo, kwake ni nyingi sana, kwa sababu fedha imekwisha kutoka na siku ya kuhama imekaribia. Kadiri unavyokuwa umejifunga, ndivyo muda wa kiasi unavyopungua.

Kuna upande wa pili ambao hautajwi sana: dalali anayekutaka wewe ujibu ndani ya saa moja kwa madai kwamba kuna mteja mwingine mlangoni. Huenda ni kweli. Lakini Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inataka mkataba wa kuhamisha haki ya ardhi uwe na maandishi na sahihi ndipo uweze kudaiwa mahakamani, na maandishi ya maana hayatungwi ndani ya saa moja. Mwambie utajibu lini, kisha utimize.

Njia iliyo rahisi ni kupatana kabla ya kutoa hata hela ya kuonyeshwa nyumba. Mwandikie ujumbe mfupi wa simu: ninatarajia jibu siku hiyohiyo, ukisafiri nitajie mtu wa kumpigia, nikishalipa, nitataka taarifa kila baada ya siku mbili hadi nipate funguo. Dalali akikubali kwa maandishi, muda haubishaniwi tena. Akikasirika, umejifunza jambo kwa gharama ndogo.

Ukimya ukitokea baada ya malipo, usiishie kupiga simu, kwani simu isiyopokelewa haielezi ulikuwa unadai nini. Tuma ujumbe wenye tarehe, kiasi ulicholipa, ulichoahidiwa, na siku ya mwisho ya kujibiwa. Saa 24 zinatosha ikiwa funguo zimechelewa. Hifadhi ujumbe wa muamala na stakabadhi. Wakati huohuo mtafute mwenye nyumba moja kwa moja, umuulize kama fedha imemfikia; mara nyingine ni yeye aliyebadili nia, na dalali anaona aibu kusema. Siku uliyoweka ikipita, peleka shauri kwa ofisi ya serikali ya mtaa ilipo nyumba, ambako dalali huyo mara nyingi anajulikana, au ufungue madai Mahakama ya Mwanzo. Ukigundua kwamba nyumba hiyohiyo imepokelewa fedha za watu wengine, au kwamba mwenye nyumba hamjui dalali huyo kabisa, hapo hakuna tena suala la kuchelewa kujibu. Nenda polisi siku hiyohiyo, ukiwa na ujumbe wote ulioutuma na ulioupokea, ukatoe taarifa ya mtu kujipatia fedha kwa udanganyifu.