Utafiti wa Mwanafunzi Uwafikie Wanywaji wa Maji: Somo kutoka Kandokando ya Mlima Meru

Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, aliona mchanganyiko moto wa aiskrimu ukiganda kabla ya uliopoa. Alipouliza sababu, alichekwa. Baadaye Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia, alikubali kulijaribu jambo hilo kabla ya kulikataa. Mwaka 1969 walichapisha matokeo yao pamoja. Kilichomvusha kijana huyo ni mtu mzima aliyemsikiliza.

Sisi wa Arusha tunalo swali letu. Miamba ya volkano ya Meru hutia floraidi katika chemchemi na visima vingi, mara nyingi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto akiyanywa maji hayo wakati meno ya kudumu yanaumbika, meno hugeuka kahawia. Ikizidi kwa miaka mingi, mifupa na viungo huathirika.

Tuseme mwanafunzi amepima maji ya visima vitano kijijini kwao. Mhudumu wa afya amsaidieje kuyaeleza matokeo?

Kwanza, ahakiki vipimo: sampuli zirudiwe, na baadhi zipelekwe maabara. Tangazo lenye kosa huwatia watu hofu bure, au huwapa imani isiyo na msingi.

Pili, wanakijiji na uongozi wao wasikie kabla ya ukumbi wa maonyesho. Picha za meno ya wenzake zisitumike bila ridhaa ya wazazi na ya watoto wenyewe.

Tatu, takwimu igeuzwe lugha ya nyumbani. Badala ya "miligramu 4.5", aseme: "ni mara tatu ya kiwango kinachoshauriwa."

Nne, aambatanishe la kufanya. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa mvuke, hukolea zaidi. Maji ya mvua yaliyovunwa kwa usafi huwa na floraidi kidogo. Mkaa wa mifupa, uliofanyiwa utafiti katika kituo cha Ngurdoto, huipunguza. Magadi ya kulainishia maharage nayo yaangaliwe, kwa kuwa huweza kuwa na floraidi nyingi.

Mwisho, akiulizwa asilolijua, aseme hajui, nasi tumsaidie kutafuta jibu.

Kliniki hupokea vijana wanaoziba mdomo kwa kiganja wanapocheka. Madoa yao hayafutiki kwa mswaki. Ya wadogo zao yangali yanazuilika, iwapo mama zao watasikia mapema.