SOMO: SANDUKU YA MFALME YOASHI
(Soma 2 Wafalme 12)

Bati la kanisa likivuja, tunasema mara moja: Wakristo hawatoi. Tuangalie vizuri. Yoashi aliamuru makuhani wapokee feza, watengeneze hekalu. Ikafika mwaka wa 23 wa ufalme wake, hakuna kilichotengenezwa. Watu walikataa kutoa? Hapana, feza ilikuwa inaingia! Basi kuhani Yehoyada akatoboa kifuniko cha sanduku, akaliweka kando ya mazabahu, mbele ya macho ya wote. Mtu mmoja hakuhesabu peke yake: walikuwa mwandishi wa mfalme pamoja na kuhani mkuu. Kisha feza ikaenda kwa maseremala na waashi, ikanunua mbao na mawe.

Swali: kwetu sadaka ya bati inahesabiwa na nani, tena mbele ya nani?