Kilwa Kisiwani kwa siku moja: dondoo kwa anayetoka Rwamgasa

Kutoka Rwamgasa, Geita, hadi pwani ya kusini ni mbali, kwa hiyo fika Kilwa Masoko jioni, ulale, uvuke asubuhi. Kibali cha kutembelea magofu kinakatwa Masoko. Kichukue kabla ya kushuka bandarini, na mwongozaji umpate hapo hapo. Bei ya boti mkubaliane kwenda na kurudi. Muulize nahodha maji yanakupwa saa ngapi, maana yakishakupwa utashukia kwenye tope, viatu mkononi.

Ngome ya Gereza iko karibu na unaposhukia. Wareno waliuteka mji mwaka 1505 wakajenga ngome yao. Kuta unazoziona leo nyingi ni za Waomani. Usimalizie muda hapo. Msikiti Mkuu wa mawe ya matumbawe, wenye vikuba na nguzo nyingi, unastahili saa nzima. Kisha Husuni Kubwa, kasri lenye birika la pembe nane juu ya bahari: ni mwendo wa miguu juani, beba maji na kofia.

Mchimbaji wa dhahabu wa Rwamgasa atapenda kusikia hili: utajiri uliojenga haya yote ulitokana kwa sehemu kubwa na dhahabu ya Sofala, iliyopitia mikononi mwa wafanyabiashara wa Kilwa.

Unataka mji wenye ukuta hasa? Ni Songo Mnara, kisiwa cha pili. Huko ongeza siku. Kuvibana viwili pamoja ni kukimbizana na nahodha. Mavazi ya heshima, tafadhali: Kisiwani kuna watu wanaoishi.