Hadhari ya Mafuta ya Moto: Namna ya Kumkaanga Bata Mzinga Nyumbani

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya nyumba za Mugeta na za vijiji vingine vya Bunda, Butiama na Musoma, ambako kila ifikapo Krismasi au Idi, au inapotokea arusi, karai la mafuta hutelekwa uani, akakaangwa ndani yake bata mzinga, au kuku, au sangara aliyepandishwa kutoka ziwani. Na makusudi yake makubwa ni kumwonya mpishi kwamba aghalabu madhara ya mafuta ya moto hayaanzi katika mafuta yenyewe, bali katika maji yaliyofichamana ndani ya nyama.

Desturi ya kumtumbukiza bata mzinga mzima katika sufuria ya mafuta asili yake ni majimbo ya kusini ya Marekani, na huko wakuu wa zimamoto hutoa onyo kila mwezi wa Novemba, kwa kuwa watu humtia mafutani ndege ambaye barafu haijamtoka tumboni, mafuta yakafurika, na nyumba zikaungua. Sisi, ambao ndege wetu huchinjwa asubuhi na kuliwa mchana, tungeweza kudhani kuwa tumesalimika na balaa hiyo. Kumbe ndege wetu ametoka katika maji ya kunyonyolea, kisha akaoshwa, kisha, kwa mazoea mazuri ya wapishi wetu, akachemshwa kwa chumvi na tangawizi ili alainike, hata anapofika kando ya karai ameloa kuliko yule wa Marekani.

Na sababu ya hatari ni hii. Maji huchemka katika nyuzi 100, na huku kwetu, ambako ziwa lenyewe liko mita zipatazo 1,130 juu ya bahari, huchemka hata kabla ya kufika hapo. Ilhali mafuta ya kukaangia, yawe ya alizeti au ya pamba, hufanya kazi katika nyuzi 170 hadi 180. Tone la maji, kwa kuwa ni zito kuliko mafuta, huzama chini yake, na huko hugeuka mvuke ghafula, likatanuka mara 1,600 au zaidi ya ukubwa wake wa kwanza, likayarusha mafuta yaliyo juu yake mpaka usoni pa mpishi na mpaka motoni.

Kwa hiyo, tunashauri kwa mkazo kwamba bata mzinga asikaangwe mzima, bali akatwe vipande, achemshwe mpaka aive barabara hata mfupani, kisha vipande vitandazwe juu ya ungo maji yachuruzike, na kila kimoja kifutwe kwa kitambaa safi, hasa chini ya ngozi na katika maungio ya bawa. Kazi hii huchosha, na wageni huwa wameketi wakingoja. Lakini hakuna sehemu ya mapishi haya iliyo bora kuliko hii. Mafuta nayo yasipite nusu ya karai, wala vipande visitiwe vingi kwa mara moja.

Meko yawe nje, mbali na paa la nyasi, juu ya ardhi iliyo sawa, na mafiga yajaribiwe karai likiwa tupu, lisitikisike. Mwenye jiko la gesi hupunguza moto kwa kuzungusha kitasa; mwenye kuni hana budi kuziondoa kuni zenye ndimi kabla ya kutia nyama, abakize makaa. Mafuta yakianza kutoa moshi, moto uondolewe chini yake, lakini karai lisinyanyuliwe. Watoto wakae mbali kabisa. Mpishi afunge khanga yake vizuri isining'inie. Na mwenye kifafa asiachiwe kazi hii, si kwa kumdharau, bali kwa kuwa wengi wenye maradhi hayo wameungua vibaya kwa kuangukia motoni.

Lau mafuta yatawaka, yasimwagiwe maji kamwe. Funika karai kwa kifuniko cha bati kilichowekwa tayari tangu mwanzo, ondoa kuni, na usifunue mpaka karai lipoe. Simu ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, nayo ipigwe mapema, maadamu gari lina mwendo mrefu kufika vijijini.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi, yasiyo ya barafu, kwa muda wa dakika 20. Avuliwe pete na bangili kabla hajavimba. Nguo iliyogandamana na ngozi isibanduliwe, wala malengelenge yasipasuliwe. Dawa ya meno, majivu, unga na yai vyote huzidisha taabu ya jeraha. Kisha afunikwe kwa kitambaa safi na kupelekwa zahanati. Akiwa ni mtoto, au ameungua uso, mikono au sehemu za siri, asicheleweshwe hata kidogo.

Mafuta yaliyobaki yaachwe papo hapo, yakilindwa, mpaka yapoe kabisa, ndipo yachujwe. Na yakiwa meusi, au yakitoa povu na harufu kali, hayafai tena kupikia.