Somo la Uchafuzi wa Maji na Hewa: Jibu la "Tuyachemshe"

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha tulikaa nyuma ya Darasa la Tano, katika shule iliyo jirani na machimbo ya dhahabu hapa wilayani Butiama. Mwanachuo aliuliza: "Maji machafu tuyafanye nini kabla ya kuyanywa?" Darasa zima likaitika: "Tuyachemshe!" Mtoto mmoja akanyosha mkono: "Na yale ya mwaloni, yenye zebaki?" Mwanachuo akajibu kwamba nayo yachemshwe vilevile. Andalio lake lilikuwa safi na zana zilikuwa za kutosha, lakini jibu lile lilikuwa la hatari.

Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Zebaki haina uhai, basi haiuawi. Hapana budi mwalimu atenganishe mapema aina hizi mbili za uchafu, maana vitabu vingi huzichanganya chini ya neno moja.

Katika maeneo kama Buhemba, ambako dhahabu imechimbwa tangu enzi za ukoloni, watoto huyajua mambo haya kwa macho. Wachimbaji wadogo husaga mawe kwa karasha, hukamatisha dhahabu kwa zebaki, kisha huchoma donge lile ili zebaki iruke na dhahabu ibaki. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, lakini hutoa mvuke hata bila moto. Mvuke huo hauonekani wala haunuki. Ukivutwa huingia katika damu na kufika kwenye ubongo na figo. Mtu hutetemeka mikono, husahau, hukosa usingizi. Anayechomea donge ndani ya nyumba huwavutisha mkewe na watoto.

Zebaki inayobaki katika marudio huchukuliwa na mvua hadi vijitoni. Ndani ya tope, bakteria huigeuza kuwa aina nyingine yenye sumu kali zaidi, ambayo huingia katika samaki wadogo, na kuzidi katika samaki wakubwa wanaowala. Kupika hakuiondoi. Hapa tuwe waangalifu: tunaeleza njia ya sumu, hatuhukumu kila samaki wa Ziwa Victoria. Mtoto asiende nyumbani akakataa kitoweo.

Mfano wa kusimulia ni Minamata, Japani. Kiwanda cha kemikali kilimwaga taka zenye zebaki baharini. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, na umwagaji haukukoma hadi 1968. Paka waliokula samaki walipatwa na kifafa, na watoto walizaliwa na ulemavu ilhali mama zao walionekana wazima. Mkataba wa dunia juu ya zebaki, wa mwaka 2013, umepewa jina la mji huo. Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Kwa vitendo, chukua maji safi ya kunywa, yatie chumvi, wanafunzi wachache waonje. Yachemshe mpaka yapungue nusu, yapoe, waonje tena. Watasema wenyewe kwamba chumvi imezidi. Waeleze pia mpaka wa mfano huu: zebaki si chumvi, nayo huruka hewani, jaribio laonyesha tu kwamba moto unaoua vijidudu si lazima uondoe sumu. Zebaki yenyewe isiletwe darasani kamwe, hata kwa tone. Mtoto akija nayo ndani ya chupa, ifungwe vizuri, madirisha yafunguliwe, na ikimwagika isifagiliwe, kwani ufagio huitawanya.

Wala tusiwatukane wazazi. Sare na madaftari ya watoto hao yametoka mwaloni. Tufundishe linalowezekana: kuchomea nje mbali na makazi, katika chombo kilichofungwa kinachopoza mvuke na kuukusanya, na watoto kukaa mbali.

Mwanachuo yule alirudi siku ya pili akaanza kipindi kwa kusema, "Jana nilikosea." Mtoto aliyeuliza akanyosha mkono tena: baba yake huchomea jikoni, je, amwambieje? Nusu ya kipindi ilitumika kwa swali hilo, na andalio likawekwa kando.