Dondoo muhimu: Paka wa mtaani akija bustanini

Lamu, paka wasio na mwenyewe husubiri vichwa vya samaki kwa wavuvi. Anayetaka urafiki nao asiwakimbilie. Achuchumae kando, afumbe na kufumbua macho polepole, paka asogee mwenyewe.

Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi. Dagaa waliochemshwa bila chumvi wala kitunguu, na maji safi, ni bora zaidi.

Msaada mkubwa kuliko chakula ni kumpeleka paka kwa daktari wa mifugo afungwe uzazi, kwani jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu! Aliyekatwa ncha ya sikio kwa kawaida ameshafungwa.

Paka asipewe Panadol kamwe: humuua. Akimuuma mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali upesi, kwa hofu ya kichaa cha mbwa.